Matundu Mawili Nyuma ya Mashine

Kimumu, Eldoret
17 Machi 2008

Mama Kui mpendwa,

Hulda wa kanisani ndiye aliyenipa anwani yako, na akaniambia nisijaribu simu, kwamba tangu vurugu za uchaguzi kaka yako hataki kusikia sauti ya Eldoret ndani ya nyumba yake. Sawa. Nimechukua sleti na kalamu ya chuma, natoboa nukta. Barua ya breli kaka yako anaweza kuikalia kitako na asijue imesema nini. Hata posta hawaidai stampu. Wanasema ni ya vipofu, ipite. Angalau siku moja upofu wangu umenipatia kitu cha bure.

Mko salama? Kui na mdogo wake wanakula? Hulda amesema ndiyo, lakini nataka nisikie kwako.

Sasa kaa chini. Mashine ya nukta iko. Ndiyo, ile ile uliyokuwa nayo chumba cha mbele cha nyumba yako, tuliyochapia watoto wasioona vitabu miaka yote hiyo, wewe ukiandika kwa kompyuta na mimi nikisoma kwa vidole kukusahihisha. Nyumba yako imeisha, Mama Kui. Sitakuficha hilo. Nilipelekwa pale nikapapasa kuta, nikafika mahali kabati la vitabu lilipokuwa, nikashika majivu. Kompyuta iliyeyuka. Lakini mashine iko kwa boma la mama yangu, chini ya magunia ya mahindi, inanuka moshi tu. Nilipoichomeka kwa stima ikanguruma. Nilipiga magoti pale ghalani nikaikumbatia. Mungu si Athumani.

Shida ni hii. Unamkumbuka Linah, binti wa Mama Musimbi anayevuna mahindi kwa mashamba ya Moi's Bridge? Mwaka huu ni mwaka wake wa mtihani wa kidato cha nne. Vitabu vyake vyote vilikuwa kwa lile kabati. Sasa anasomewa kwa sauti na yeyote mwenye dakika, na mwenye kusoma akichoka masomo yameisha. Kusomewa ni kama kutafuniwa chakula. Jana aliniuliza kama ni kweli vitabu vyake havipo tena popote duniani.

Mama mmoja wa Elgon View ametupa kompyuta. Nzuri, lakini haina yale matundu mapana ya zamani. Nimeizungusha vidole pande zote, ina vitundu vidogo bapa vya USB peke yake. Mashine imekaa hapa, kompyuta imekaa hapa, na haziwezi kusalimiana.

Kwa hivyo nakuuliza mawili. Je, uliweza kutoka na zile disketi za vitabu? Na nitafute kebo gani? Wewe ndiye uliyekuwa ukifunga hizo waya. Mimi nilikuwa nakaa mbele kungoja karatasi itoke.

Ni mimi,
Jerop


Nyahururu
9 Aprili 2008

Mwalimu Jerop,

Barua yako ilifika. Kaka yangu aliigeuza juu chini, akaipandisha kwa dirisha, akauliza ni karatasi ya kufungia nini. Nikamwambia ni kazi ya kanisa. Usiku huo watoto walipolala nikaisoma kwa macho mara nyingi kuliko nitakavyokubali.

Tuko hai. Kui hataki kwenda shule. Huyo mdogo akisikia watu wakipiga kelele barabarani anaingia chini ya kitanda. Hivyo ndivyo tulivyo salama.

Nitasema ukweli kwa sababu wewe nimezoea kukuambia ukweli: niliposoma kwamba mashine ilitoka nzima, sikufurahi. Nilikasirika. Mtu aliingia nyumbani kwangu siku hiyo, akapita vyombo vya mama yangu marehemu, akapita kitanda cha watoto, akabeba chuma. Sasa chuma kimelala kwa mahindi kwenu na mimi nalala sebuleni kwa watu. Nani aliitoa, Mwalimu? Hukusema. Wewe si mtu wa kusahau kusema.

Disketi ninazo. Usiniulize kwa nini. Niliacha cheti changu, nikaacha picha za harusi, nikabeba boksi la disketi kwa mfuko wa kiondo na watoto mkono huu na huu. Nilipofika kambini nikafungua kiondo kutafuta sweta ya Kui, nikakuta fasihi na biolojia. Nilicheka peke yangu mpaka mama wa hema la pili akadhani nimeshikwa na wazimu.

Kuhusu kebo, sikiliza vizuri na usimruhusu mtu yeyote akuletee tu ya dukani. Nyuma ya mashine kuna matundu mawili mapana yanayofanana kama mapacha, kila moja lina vishimo ishirini na tano, na pa stima ni katikati yao. Chini ya kila tundu kulikuwa na maandishi ya wino. La kulia ni siriali, yaani herufi zinapita moja moja kwa mstari. La kushoto ni paraleli, zinapita nane kwa mpigo. Sisi tulitumia siriali. Kebo za USB za kwenda paraleli nazijua, zinaelewana na printa za kawaida tu, yetu zitaishangaa. Tunahitaji ya siriali.

Na hapa ndipo nakuomba uogope. Umeme wa siriali ni mkali kuliko wa paraleli. Ukichomeka ya siriali kwa tundu la paraleli unaweza kuunguza bodi ya ndani ya mashine, na sijui fundi yeyote wa kuifufua. Hakuna kujaribu hili kisha lile. Tafuta mtu anayeona akusomee maandishi ya chini, kisha uniambie kama matundu yako mazima.

Sijasema nitasaidia. Nimejibu swali.

Wacera


Kimumu, Eldoret
2 Mei 2008

Mama Kui,

Hasira yako nimeisoma kwa kidole, na nimeirudia nisije nikaikwepa. Una haki nayo. Sina neno la kuweka juu yake.

Aliyeitoa mashine ni mtu. Siku yake ikifika atajulikana. Tafadhali niachie hapo kwa sasa.

Lakini mwanamke wewe, ulibeba boksi la disketi? Nimekaa na habari hiyo siku nzima kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike. Unajua kilichomo ndani ya boksi hilo? Kila ukurasa tuliowahi kubishana. Ile sura ya moyo na mishipa uliyoichapa upya mara tatu kwa sababu nilikuambia moyo wako umekaa kama kiazi. Vitu vyote hivyo vimevuka Timboroa ndani ya kiondo. Nilimwambia Linah. Alitoka nje, akakaa kwa nyasi, nikamsikia akihema. Baadaye akarudi akaniuliza, "Kwa hivyo viko mahali?" Nikamwambia viko mahali.

Tundu nimelikagua. Maandishi ya wino hayapo, plastiki imefanya malengelenge kwa joto na masizi yameganda. Kwa hivyo hayo macho ya watu sikuyahitaji, vidole vyangu vinatosha. Nilikaa kwa kiti changu cha siku zote, nikapitisha mikono kando kando ya mashine, nikafika mgongoni kwake. Matundu yako mawili, pa stima katikati, kama ulivyosema. Mkono wangu wa kulia uko juu ya siriali, wa kushoto juu ya paraleli. Nimepitisha pini ya nywele kwa kila kishimo, sikuona mahali pamezibika. Skrubu za pembeni ziko. Mazima kabisa.

Nashangaa, Mama Kui, na uniache nishangae. Kitabu kizima cha historia, wafalme na vita na mikataba, kinapita kwa waya usiozidi kamba ya mbuzi, herufi moja moja kwa mstari, na hakuna inayosukumana na mwenzake. Sisi watu tulishindwa na mstari mmoja wa kupiga kura.

Mtihani ni mwisho wa mwaka. Linah anasema akipata vitabu hata mwezi wa nane, atavimaliza. Mimi nimeshafundisha wengi, na huyu nimemwamini.

Umesema hujasema utasaidia. Nimesikia. Lakini pia umenieleza umeme, matundu, pini na hatari. Mtu asiyetaka kusaidia hujibu kwa mstari mmoja.

Jerop


Nyahururu
21 Juni 2008

Mwalimu,

Umeniweza. Basi.

Nilishuka Nakuru mwenyewe. Kijana wa duka la kwanza akanipa kebo ya printa ya kawaida, akaapa inaingia popote. Nikamwambia mashine yangu ni ya zamani kuliko yeye. Duka la pili wakanipa ya paraleli, nikageuza kichwa cha kebo nikaona, nikarudisha. Duka la tatu mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia nyuma, akatoka na kebo imejaa vumbi: upande mmoja USB, upande mwingine pini tisa za siriali. Nilitaka kumkumbatia.

Lakini tisa si ishirini na tano. Ilibidi tutengeneze kipande cha katikati, na hapo kuna jambo watu wengi hukosea. Ukiunganisha waya moja kwa moja, mdomo wa kompyuta unakutana na mdomo wa mashine, na sikio na sikio. Wote wanasema na hakuna anayesikia. Ni lazima zile waya mbili zipishane, mdomo wa huyu uende kwa sikio la yule. Najua tayari unachotaka kusema kuhusu hilo. Usiligeuze mahubiri, lilikuwa la waya tu.

Fundi wa redio hapa anaitwa Jacktone, na yeye alikimbia kutoka kwingine, hatukuulizana. Alinishikia mwanga, nikayeyusha risasi ya kuungia waya mwenyewe. Kabla ya kufunga nilitaka kujua kama kweli inapitisha, nikaichomeka kwa kompyuta ya kibanda chake. Nikachukua klipu ya karatasi nikaunganisha mdomo na sikio la kebo ile ile, ili kile ninachokiandika kizunguke kirudi kwangu. Nikaandika "Linah". Jina likatokea kwa skrini. Jacktone akaniuliza si nimeliandika mimi, ajabu iko wapi. Nikaitoa klipu, nikaandika tena, skrini ikabaki nyeupe. Nikarudisha, jina likarudi. Mwalimu, nilikuwa sijafurahia kitu tangu Desemba. Tuliandika majina ya watu wetu wote mpaka umeme ukapotea, yake na yangu, hata wale wasiopo tena. Yote yalirudi.

Disketi chache zilikufa. Jiografia imepotea nusu. Biolojia, historia, fasihi na hesabu ziko, nimezihamisha kwa flashi. Moyo wako wa kiazi umo.

Hulda anapanda huko Jumamosi, nampa kila kitu mkononi. Ile programu ya breli nimeiweka kwa flashi pia, itakuongoza. Kumbuka: tundu la kulia. Funga skrubu kwanza, ndipo uwashe mashine. Ukiwa na shaka yoyote acha kabisa, ni heri ikae bila kufanya kazi kuliko ife.

Na sasa narudia swali langu. Nani aliitoa mashine? Hii ni funika kombe mwanaharamu apite, na mimi nimechoka kufunika.

Wacera


Kimumu, Eldoret
1 Julai 2008

Mama Kui,

Umenyamaza tangu Jumamosi, nami nimeshindwa kushika kalamu mpaka leo. Nataka nikuandikie yote kama yalivyokuwa upande huu wa simu, kwa sababu wewe ulisikia tu.

Hulda alifika mchana. Mashine tulikuwa tumeileta sebuleni kwangu, juu ya meza ya chakula. Linah alikuwa kwa mlango, amevaa nguo ya kanisani. Nilisoma barua yako kwa sauti kubwa, tundu la kulia, nikakaa kwa kiti changu, nikapitisha mkono wangu wa kulia nyuma nikaweka kidole. Nikasema, ni hapa, chomeka hapa. Na aliyekuwa amesimama nyuma na kebo mkononi akaisogeza mpaka nikasikia chuma chake kikigusa kidole changu. Ndipo simu ya Hulda ikalia.

Sikuwa nimesikia sauti yako tangu mwaka uishe. Ulikuwa unahema kama mtu aliyekimbia. Hukusalimu. Uliniuliza, "Mwalimu, wakati unashika yale matundu, ulikuwa umekaa mbele au nyuma?"

Nikasema mbele, kwa kiti changu, ningekaa wapi tena? Ukaniambia ulikuwa umeanza kumwandikia Linah barua kwa sleti, unatoboa kutoka kulia kama kawaida yetu, ukijua karatasi ikigeuzwa itasomwa kutoka kushoto. Mkono ukasimama. Hukumaliza, na mengine niliyaelewa baada ya simu: kulia kwako ni kwa mtu anayeitazama mashine mgongoni. Kulia kwangu ni kwa mtu anayeikumbatia kutoka mbele. Kidole changu kilikuwa juu ya paraleli.

Mimi mwalimu wa breli, niliyefundisha watoto wote hao kwamba kinachotobolewa upande huu husomwa upande ule, nikakosa hilo. Kama ningekuwa nimemwomba mwenye macho aangalie tangu Mei, lisingetokea. Lakini mwenye macho aliyekuwa karibu nami nilikuwa namficha kwako.

Ukauliza nani yuko nyuma ya mashine. Nikakuambia ni Kimeli, ndugu yangu, na kebo imeshafika kwa kidole changu. Ndiye aliyeitoa. Aliileta kwa mkokoteni jioni ile, akaisukuma ghalani, hakusema neno mpaka leo. Alinuka petroli, Mama Kui. Mimi sioni, lakini pua ninayo. Sikumuuliza, na wewe sikukuambia, na hizo ni aibu zangu mbili.

Ukanyamaza. Nilidhani laini imekatika. Nikasema halo, halo. Hulda akatazama simu akasema bado mnaongea. Kisha ukasema, "Mpe simu."

Nikamsikia akiipokea. Akasema, "Mama Kui, ni mimi." Yule kijana ana kifua kipana lakini sauti ilitoka kama ya mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Akasikiliza. Akasema ndiyo, niko nyuma yake. Akasikiliza tena kwa muda mrefu sana. Mwishowe akasema, "Kulia kwangu mimi?" Na nikasikia kebo ikitoka kwa kidole changu, ikivuka mgongo wa mashine, ikiingia upande mwingine. Akafunga skrubu. Akanirudishia simu, wewe ukawa umekata.

Ngoja nikuambie kilichofuata. Nilibonyeza kompyuta ikaanza na biolojia, sura ya kwanza. Kwanza kimya. Halafu ikashtuka, ikaanza kupiga. Ile sauti yake, unaijua, kama mvua ya mawe kwa mabati. Meza ilitikisika, vikombe vikasogea, mbwa wa jirani akabweka. Mama yangu alitoka jikoni akasema Bwana asifiwe na akarudi jikoni. Karatasi ikatoka ikiwa na joto. Nilikuwa nimenyoosha mkono, nikaurudisha. Nikamwita Linah.

Hakukimbia. Alikuja polepole akiwa ameinua mikono yote miwili, akaiweka juu ya karatasi wakati bado inatoka, inasonga chini ya vidole vyake. Akasoma. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti. Halafu akacheka, Mama Kui, siyo cheko la mtu aliyeona kichekesho. Ni lile la mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotarajia kujulikana. Akasema, "Hapa kuna kosa." Ni kweli, kulikuwa na neno moja limeruka herufi, kosa lako la zamani nililokosa kulikamata. Hulda akalia. Mimi nikalia. Linah akasema tunyamaze, anasoma.

Mashine ilipiga mpaka jua likazama. Kimeli alisimama pale nyuma muda wote ameshika kebo, kana kwamba akiiachilia itaanguka. Nilimwambia skrubu zimefunga, aende apumzike. Hakuenda.

Yeye ni ndugu yangu. Damu ni nzito. Lakini sitakuomba chochote kwa ajili yake, na yeye hajaniomba nikuombe.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Jerop


Kimumu, Eldoret
6 Machi 2009

Mama Kui,

Barua tatu nimekutumia na zote hukujibu. Hulda anasema uko mzima, umepata kazi ya kuandika kwa ofisi ya dayosisi, na Kui amerudi shule. Nashukuru kwa hayo. Hii siyo ya kukusumbua, ni ya kukupa kilicho chako.

Matokeo yametoka. Linah amepita. Amepita hivi kwamba mkuu wa shule alimpigia simu Mama Musimbi shambani, na wenzake wakamtoa kwa mstari wa kupanda mahindi wakambeba. Ataingia chuo kikuu. Ametaka ualimu. Vitabu vilikuwa vimeisha nukta kwa kusomwa, ukurasa wa moyo umelainika kama kitambaa.

Anakusalimu. Anasema hajawahi kusikia sauti yako lakini amekusoma kurasa zaidi ya elfu.

Jerop


Nyahururu
22 Machi 2009

Mwalimu Jerop,

Nimesoma habari za Linah nikaweka barua chini nikatoka nje kutembea. Nilifika mpaka kwa maporomoko ya maji na kurudi. Watu walionipita waliniona natabasamu peke yangu, wazoee.

Nilinyamaza kwa sababu kuna jambo halikukaa kwa barua, na mimi na wewe hatujui kuandikiana bila kusema. Sasa nitalisema.

Kimeli nilimwona. Siku ile, kwa lango langu, na jerikeni. Alikuwa na wenzake, na yeye ndiye niliyemjua, kwa sababu amekula kwangu. Tulitazamana. Akageuza uso, na wale wengine wakapita kwenda upande wa nyuma ya nyumba, na mimi nikapata nafasi ya kutoka na watoto. Sijui kama aligeuza uso ili nitoke au ni aibu tu. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Swali langu la nani aliitoa mashine halikuwa swali. Nilitaka uliseme wewe.

Kwa hivyo ulipotaja jina lake kwa simu, laini haikukatika. Nilikuwa nimesimama nje ya kibanda cha Jacktone, simu sikioni, na nikaelewa kitu. Kebo ilikuwa tayari imegusa tundu baya. Mkononi mwake yeye. Sikuhitaji hata kusema uongo. Ningekata simu tu. Bodi ingeungua, mashine ingekufa mbele yake, na kila mtu angesema pole, ni ajali, ni yule kipofu alichanganya kulia na kushoto. Kile kitu kimoja alichookoa kwangu kingefia mikononi mwake. Nililitaka hilo, Mwalimu. Nilitaka kwa mwili wote. Linah hakuwemo kichwani mwangu dakika hiyo, Mungu anisamehe, nilikuwa naona lango langu peke yake.

Ndipo nikasema unipe yeye. Alipotaja jina langu nilikuwa bado sijaamua. Nilimweleza asimame nyuma, nikamweleza matundu, nikamweleza umeme, nilikuwa napitisha muda. Neno kushoto lilikuwa limekaa juu ya ulimi. Nikafungua mdomo nikasikia nimesema, "Kulia kwako."

Haikuwa huruma. Usiniandikie kwamba ilikuwa huruma. Sikumsamehe wakati ule, na leo sijui. Moyo wa mtu ni msitu, hata mwenyewe hupotea ndani yake. Najua tu kwamba neno lilitoka, na mpaka leo nikilikumbuka nashika ukuta. Nikakata simu.

Eldoret sirudi. Kiwanja nitauza. Lakini vitabu vya mwaka huu nitawaandikia kutoka huku, niletee orodha, na usinipe jiografia ya haraka haraka, ile iliyopotea nataka kuifanya vizuri.

Yeye breli hajui kusoma. Wewe ndiye utakayeamua asikie nini. Mimi nakuomba hivi: msomee yote, usiruke mahali.

Wacera


Kimumu, Eldoret
4 Aprili 2009

Mama Kui,

Nimemsomea. Yote, kwa sauti moja, sikuruka. Nilipofika kwa lango akainuka, nikadhani anatoka. Hakutoka. Nilipofika kwa neno lililokaa juu ya ulimi wako aliketi tena.

Nikamaliza. Kisha akaniuliza ni wapi umeandika yale maneno mawili uliyomwambia siku ile kwa simu. Nikatafuta mstari. Nikamshika kidole, kigumu cha jembe, nikakiweka juu ya nukta zako, nikamwambia ni hapa.

Hawezi kuzisoma. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, nimwache tu kidogo. Nilitoka nikafanya chai, ikachemka, nikarudi nikapapasa meza, na mkono wake ulikuwa bado pale.

Jerop